Kazi ya Kumwambia Babu Leo ni Siku Gani

Siku ya kwanza kazini niliripoti saa mbili na nusu asubuhi, nimevaa sare ya shule ingawa tulikuwa likizo. Shangazi Rukia ndiye aliyeagiza hivyo. Alisema askari wa getini pale hospitali humzuia msichana aliyependeza, lakini mwenye sare na uso wa njaa humpisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Leo hii ni mstaafu, na miaka bado ni hiyo hiyo kumi na sita, kwa hiyo nyie wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza mtakaosoma haya mnaruhusiwa kucheka, ila mcheke mkijua mnamcheka mtu mwenye uzoefu.

Kazi yenyewe haina cheo cha kujivunia. Wauguzi wanakuita "ndugu wa mgonjwa", basi. Unakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, unamwangalia mtu asianguke, asing'oe dripu, asisahau kunywa maji. Mgonjwa wangu alikuwa Babu Mbaruku, baba yake baba yangu, aliyefanya ukarani bandarini Tanga miaka mingi kabla hajarudi kwao Mwera kulima minazi na kugombana na majirani juu ya mipaka. Aliteleza chooni akaumia nyonga. Picha ilionyesha mfupa mzima, lakini homa ilikuwa kali, na vipimo vikasema ana maambukizi ya njia ya mkojo. Siku anaingia wodini alikuwa na akili zake zote. Alimwambia muuguzi wa mapokezi kwamba mwandiko wake ungemfukuzisha kazi bandarini.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze ndoa yangu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na mimi nimeolewa na yule mzee tangu nina siku saba. Marehemu Bibi alikuwa ananiita mke mwenza na kunishitaki mbele za watu kwamba namwibia mume. Huo ndio utani wetu, na kila utani una mchezo wake. Wetu ulikuwa futi. Mama yangu ni fundi cherehani, anashonea barazani nyumbani Usagara, na futi yake, ule mkanda wa njano wa kupimia nguo, huwa shingoni mwake kama cheni. Tangu nipo darasa la nne, Babu akipiga chafya mbili tu, mimi nilikuwa nachukua futi na kumpima kutoka utosini mpaka kisiginoni, halafu natangaza kwa sauti ya imamu kwamba sanda itahitaji kitambaa kirefu, jamaa wajiandae. Naye hujibu, "Jipime wewe kwanza, kafupi. Wewe utatoshea kwenye leso." Nyumba nzima inacheka, anapona mafua.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza, nikitoka nyumbani, nilichomoa futi kwenye meza ya cherehani. Mama alikuwa na nyingine. Nilifika wodini, nikamwamkia Babu, nikaikunjua kando ya kitanda chake toka kwenye mto mpaka kwenye vidole. "Mume wangu," nikamwambia, "leo umelala vizuri, unapimika kwa raha."

Babu aliitazama futi. Akanitazama mimi. Hakucheka.

Nikadhani amechoka. Nikaikunja nikairudisha mfukoni, nikaanza kula ndizi zake.

Siku ya pili nilimkuta ni mtu mwingine. Nasema hivi bila kuongeza chumvi. Uso wa Babu, masikio ya Babu, ila aliyekuwa anachungulia kupitia macho yale sikumjua, wala yeye hakunijua.

"Shikamoo Babu."

"Nani kakutuma?"

"Mimi, Mwantumu."

"Mwantumu ni mtoto mdogo. Nani kakutuma?"

Nikamnyooshea kikombe cha uji aliopika Mama. Alikinusa kama mbwa wa polisi. "Onja wewe." Nikaonja. Akanitazama koo likishuka, akangoja, akasema, "Hujafa kwa sababu wewe ni wao." Halafu akashusha sauti, akaniambia kwamba kuna watu wanakuja na kamba ya njano. Wanakuja kumfunga, na wakishamfunga watamtoa nje kwa mlango wa nyuma. Aliposema hivyo mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye dripu na kuing'oa, damu ikaruka mpaka kwenye soksi yangu nyeupe.

Hapo ndipo nilipokutana na bosi wangu wa kwanza, Sista Msimamizi wa Wodi. Ni Mshambaa wa Lushoto, mrefu, hana haraka, anachomeka kalamu kwenye nywele na kuitafuta siku nzima. Alikuja, akakaa kwenye kitanda usawa wa macho ya Babu, akamwambia jina lake na kazi yake, polepole, kana kwamba muda wote duniani ni wake. Dripu ikarudi. Kisha akanivuta pembeni.

"Huyu mzee nyumbani huwa hivi?"

"Hapana, Sista. Nyumbani ni mkorofi lakini ana akili."

"Kaanza lini?"

"Jana alikuwa mzima. Leo ndiyo hivi."

Akatikisa kichwa. "Sisi tunaita deliriamu. Akili inachafuka ghafla, ya leo si ya jana, na ya saa hii si ya saa ijayo. Mzee akipata maambukizi, akikosa maji mwilini, akihamishwa mahali, anaweza kuingia humo. Si uchizi, na si uzee. Dawa ya maambukizi ikifanya kazi, wengi hutoka. Lakini dawa peke yake haitoshi. Huko ndani aliko anaogopa, na kazi ya kumtuliza ni yako wewe unayekaa naye."

Nilimwangalia kwa mashaka. Mtu mzima akikwambia kazi kubwa ni yako, kwa kawaida anataka umfagilie ofisi.

Nami nilikuwa na maelezo yangu. Mtu hawezi kuota kamba ya njano bila sababu, kuna aliyemtisha. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la Baiolojia nikaandika WASHUKIWA, nikapigia mstari mara mbili. Wa kwanza alikuwa mrija wa mkojo, ule mpira unaotoka kwa mgonjwa kwenda kwenye mfuko chini ya kitanda, ambao ukiuangalia vizuri una unjano fulani. Nikaufunika kwa shuka. Babu akaendelea kulalamikia kamba. Wa pili alikuwa Sista mwenyewe, kwa sababu ya ule upole. Mtu mpole kiasi kile anaficha nini? Nilimfuata nusu siku. Alikuwa anatafuta kalamu.

Wa tatu alikuwa Shangazi Rukia. Huyu alikuwa bosi wangu wa pili, na cheo chake ni Msemaji wa Ukoo. Alikuja kila siku baada ya adhuhuri na mkoba mweusi wenye zipu, hauachi hata akienda chooni, na nikimkaribia anauhamishia kwapa la pili. Naye Shangazi alikuwa na mshukiwa wake. Alimwona Babu akikataa uji wa Mama siku mbili mfululizo, na wa wengine akikataa pia, lakini hilo hakuliona.

"Mtu mzima hakatai chakula cha mkwe wake bure," alimwambia baba yangu kwenye simu, kwa sauti ambayo hata kitanda cha mwisho walisikia. "Mgonjwa anaona tusivyoviona sisi. Mimi simtaji mtu. Ila uji unapikwa na nani?"

Kwa mtu ambaye hataji mtu, alikuwa ametaja vizuri. Mama akaambiwa. Alikaa kwenye cherehani akashona kola ya shati upande usio wake, akaifumua, akaishona tena upande ule ule.

Siku ya tatu nilipoteza kituo changu cha kazi. Ilikuwa alasiri, saa ambayo jua linaingia kwa dirisha la magharibi na vivuli vya feni vinazunguka darini. Hiyo ndiyo saa mbaya ya ugonjwa ule; nyie mtakaorithi kazi hii mkae mkijua. Babu akaelekeza kidole juu. "Mbuzi," akasema. "Nani kaingiza mbuzi humu?"

Mimi, kwa jinsi nilivyo, sikuweza kuacha. "Wako wangapi, Babu?"

"Watatu."

"Huyu mweusi wa pembe ndefu umemhesabu?"

Hakuwa amemhesabu. Sasa alimwona. Akaanza kutetemeka, akataka kushuka kitandani amkimbie, na ilibidi tuje watu wanne kumshika. Alipiga kelele ambazo sitaki kuzisikia tena, akitaja jina la Bibi.

Sista hakunifokea. Alinishika bega, akanipeleka nje. "Kuanzia sasa kituo chako ni korido."

"Lakini Sista, yeye ndiye aliyesema mbuzi."

"Na wewe ukamwongezea mmoja." Akachomoa kalamu nywelini kwa bahati. "Nisikilize. Mtu wa deliriamu usimbishie, na usimkubalie. Ukimbishia, unakuwa adui. Ukimkubalia, unamjengea nyumba humo ndani akae. Wewe shughulika na woga wake. Mwambie, 'Mimi sioni mbuzi, Babu, lakini naona umeogopa, na nipo hapa.' Kisha mwambie wewe nani, hapa ni wapi, leo ni siku gani. Kila mara. Hata mara mia. Sisi tunaita kumrejesha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na mizaha?"

"Niache?"

"Mzaha unahitaji watu wawili wanaojua kwamba ni mzaha. Saa hii uko peke yako."

Kwenye korido nilikaa na daftari langu, najihurumia. Ndipo Sista alipopita tena akauliza swali lililofungua kesi. "Babu yako kule nyumbani anavaa miwani?"

Anavaa. Miwani mikubwa ya karani, bila hiyo hawezi kutofautisha kuku na kandambili. Sikuwa nimeiona tangu alazwe. Nikangoja Shangazi atoke wodini, nikamfuata mpaka kwenye benchi, nikamwambia mbele ya Sista, "Shangazi, fungua mkoba."

"Una wazimu wewe?"

"Dada," Sista akamwambia kwa adabu, "tunatafuta miwani ya mzee."

Shangazi aliangalia kushoto na kulia kama muuza magendo, akafungua zipu. Ilikuwa ndani, imefungwa kwenye leso, imefungwa tena kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na saa yake ya mkononi. "Wodini kuna wezi," akanong'ona. "Nilimhifadhia baba yangu vitu vyake. Kuna kosa?"

Kwa siku tatu mzee wa watu alikuwa amelala mahali asipopajua, haoni sura, hajui saa, kwa sababu tulikuwa tunamlinda na wezi. Shangazi alimvalisha miwani mwenyewe. Nami sikuandika chochote zaidi juu yake kwenye daftari, nilimfuta kabisa.

Mbuzi walipungua. Kesho yake asubuhi hawakuwepo. Nikarudishwa kituo changu cha zamani kwa masharti, nikafanya kazi kama nilivyoelekezwa. "Babu, shikamoo. Mimi Mwantumu, binti wa mwanao Rajabu. Hapa ni hospitali, Tanga mjini. Leo Alhamisi, asubuhi. Uliteleza Mwera, una homa, unatibiwa." Akinigeuzia mgongo nazunguka upande wa pili wa kitanda, naanza upya. Niliyasema mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akayakariri, akawa ananisahihisha.

Lakini kamba haikuondoka. Bado alikataa kunywa, midomo ilikuwa imepasuka, na ile dripu aling'oa tena. Daktari alipopita raundi alisimama miguuni pa kitanda, akasoma faili, akamwambia Sista maneno machache. Mpaka kesho saa sita mchana. Kama mzee hajaanza kunywa na kuacha kung'oa dripu, apitishiwe mpira puani, na mikono ifungwe kwenye kitanda kwa bandeji asije kuung'oa na huo.

"Kuwafunga wazee kunawaongezea hofu, daktari," Sista alisema.

"Najua. Na kukauka kunawaua. Nipe kingine nikifanye."

Nikaitazama mikono ya Babu. Ni mikono mikubwa, kidole cha shahada kimepinda kwa kushika kalamu. Huyu alikuwa anatuambia tangu siku ya pili kwamba kuna watu watakuja kumfunga. Kesho saa sita wangekuja kweli. Na baada ya hapo, hata akipona, nani angemwambia kwamba alikuwa anaona ya uongo?

Ijumaa niliwahi kuliko wasafishaji. Nikasema maneno yangu. Nikampa maji, akafumba mdomo. Nikajaribu kijiko, akakisukuma. Saa tatu Mama akaja na uji, kwa mara ya kwanza tangu yale maneno ya simu, na nyuma yake, kana kwamba alikuwa anamvizia getini, akaingia Shangazi Rukia. Wakasimama pande mbili za kitanda. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Mpe wewe basi," Mama akasema, akimnyooshea Shangazi kikombe. "Mkono wangu si una kitu."

"Mimi sikutaja mtu."

"Hujataja. Shika."

Uji ukamwagika kidogo kwenye shuka. Nikaingiza mkono mfukoni kwenye sketi ya shule kutoa kitambaa nifute. Kitambaa kikatoka, na futi nayo ikatoka. Ilikuwa humo tangu siku ya kwanza, nimeikalia siku zote hizo. Ikaanguka kitandani, ikajikunjua juu ya miguu ya Babu.

Babu, na miwani yake machoni, akaiona.

"Hiyo!" akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Kamba yao hiyo. Ndiyo waliyonipimia sanda."

Shangazi aliiokota kwa ncha za vidole, akaigeuza. Mwisho wake una kipande cha kitambaa chekundu ambacho Mama hushonea kwenye vitu vyake vyote vya kazi. Usagara nzima wanakijua.

"Si yako hii, Mariamu?"

Mama aliangalia futi kama anaiona kwa mara ya kwanza maishani. "Ni yangu," akasema. "Lakini..."

"Sanda!" Shangazi akageukia wodi nzima. "Baba yangu anapimwa sanda akiwa hai! Nilisema mimi! Nilisema!"

Sasa, wadogo zangu, nitawaambia ukweli ambao wastaafu wengi huwa hawausemi kwenye kumbukumbu zao. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Siku nne nilikuwa nawafuatilia watu kwa daftari, mrija, Sista, mkoba, na mshukiwa mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Nilimtazama Mama, nikajua kwamba nikihesabu mpaka kumi bila kusema, jambo hili litakuwa la kwake maisha yake yote.

"Ni mimi," nikasema.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Ni mimi, Shangazi! Nilimpima siku ya kwanza. Ule mchezo wetu. Mama hajui hata kama futi ninayo."

Shangazi alinipiga kofi moja la mgongoni, la kifamilia, halikuuma sana. Mama akakaa kwenye stuli yangu. Sista alikuwa amesimama mlangoni sijui tangu saa ngapi, na nikamtazama yeye kwa sababu sikuweza kumtazama mwingine.

"Nimemtia ugonjwa mimi?"

"Hapana. Ugonjwa kautia mdudu. Wewe umempa mdudu cha kuzungumzia." Akasogea, akaichukua futi kwa Shangazi, akaniwekea kiganjani. "Haya. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kilichotokea. Kama kilivyotokea. Kwa kifupi, na usichekeshe."

Nikapiga magoti sakafuni, uso wangu ukawa sawa na wake. Hotuba nimetoa nyingi gwaridani shuleni, na zote zilichekesha. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote. "Babu, mimi Mwantumu, binti wa Rajabu. Leo Ijumaa, asubuhi. Upo hospitali. Hii ni futi ya mama yangu, ya kushonea nguo. Siku uliyolazwa nilikupima nayo. Ilikuwa mchezo, ule tunaofanya siku zote, lakini wewe ulikuwa na homa na haukuwa mchezo kwako. Nimekuogopesha. Hakuna anayekufunga. Hakuna sanda. Nisamehe."

Alinitazama muda mrefu kupitia ile miwani. Sijui alisikia kiasi gani. Macho yalikwenda kwa Mama, yakaenda kwa Shangazi, yakarudi kwangu, na sikuona hata mmoja kati yetu aliyeaminiwa. Kisha akanyoosha mkono, ule wenye kidole kilichopinda.

"Lete."

Nikamgeukia Sista. Sista akainamisha kichwa. Nikampa.

Babu aliishika futi kwa mikono miwili. Akaikagua toka mwanzo mpaka mwisho, inchi kwa inchi, midomo ikisoma namba kimyakimya kama mtu anayepokea mzigo melini. Akaikunja ikawa duara dogo. Akalifungia kwenye ngumi.

"Sasa hawana kitu cha kunifungia," akasema. "Maji."

Mama ndiye aliyekuwa karibu na jagi. Alimimina, akampa, na Babu akanywa kwa mkono wa Mama, vikombe viwili, maji yanamchuruzika kidevuni. Shangazi aligeukia dirishani, akakaa hapo sana, akijifanya kuna kitu anakiona huko nje.

Asubuhi yote Babu hakuigusa dripu. Hakuwa na nafasi. Aliikunjua futi, akaisoma, akaikunja, akaikunjua tena. Mimi nilitaka kumsaidia kuikunja, Sista akanipiga kidoleni. "Mwachie. Mikono imepata shughuli." Daktari alipokuja saa sita alimkuta mzee anapima ukingo wa kitanda, na kikombe cha uji kitupu mezani. Akasoma faili, akatazama saa, akasema tungoje mpaka jioni. Jioni akasema tungoje mpaka kesho. Bandeji zilibaki kabatini.

Hakupona siku hiyo, msije mkadhani ni kama sinema. Deliriamu inatoka kama maji ya bahari yanavyokupwa. Inatoka, inarudi kidogo, inatoka zaidi. Jumamosi alinijua asubuhi na hakunijua alasiri. Jumapili alinijua siku nzima ila alidhani Bibi yuko jikoni, na nikamwambia kwamba naona amemkumbuka sana, nami nimemkumbuka, akaliacha. Jumanne waliutoa ule mrija. Alhamisi tukaruhusiwa.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa nyumbani Usagara, chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani apate mwanga, kalenda ukutani, saa yake mkononi. Sista alikuwa ametupa masharti: wageni wachache, wasiongee wote kwa pamoja, anywe maji, alale usiku na si mchana. Shangazi Rukia aliyasimamia masharti yale mlangoni kwa ukali mpaka shehe mwenyewe alirudishwa. Yeye na Mama wanaongea sasa, juu ya chumvi na juu ya mkaa. Habari ya ule mkono wenye kitu hakuna aliyeirudia. Mama anampa uji, Shangazi anaonja kwanza, eti kuangalia kama ni wa moto. Nami namtazama Shangazi anavyoonja.

Mimi niliendelea na kazi yangu bila mzaha hata mmoja. Naapa. Wiki nzima na ushee nilikuwa naingia asubuhi, naketi, nasema, "Babu, shikamoo, mimi Mwantumu, binti wa Rajabu. Hapa ni nyumbani kwetu Usagara. Leo ni siku fulani." Nilizoea kiasi kwamba sikumwangalia tena usoni nikiyasema. Na yeye alikuwa anaitikia marahaba, ananitazama juu ya miwani, haongezi neno. Ule utazamaji sikuupenda. Nilihofia bado amebaki kidogo kule ndani.

Siku mbili kabla shule haijafunguliwa, nilipomaliza risala yangu, alimwita Shangazi.

"Rukia! Huyu mtoto ana nini?"

"Ana nini, baba?"

"Kila siku asubuhi anakuja kuniambia jina lake. Ameketi hapo, macho makavu, hacheki. Jana kaniambia mara nne kwamba leo ni Jumatatu. Mpelekeni hospitali, akili imechafuka."

Shangazi alitoka nje upesi na mtandio mdomoni. Babu akaingiza mkono chini ya mto.

"Simama wima," akasema.

Nikasimama. Akatoa futi. Aliniwekea mwanzo wake utosini, taratibu, kwa kidole kile kilichopinda, na akaishusha mpaka ikagusa sakafu. Akainama akasoma namba, akarudi akasoma tena, kama karani asiyeamini mzigo.

"Kafupi," akasema. "Nilijua tu. Leso moja, na itabaki."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki wala barua ya pongezi. Nililia kidogo, nikamwambia ni vumbi, akasema vumbi la Usagara siku hizi lina chumvi.

Wadogo zangu mtaniuliza kama nayakumbuka yale kwa raha. Nayakumbuka kwa mashaka. Mpaka leo sijui akili ilimrudia lini hasa, na ni asubuhi ngapi alikaa pale mzima kabisa, akinisikiliza namtajia jina langu, akinyamaza tu aone nitafika wapi. Nimemuuliza. Anasema hakumbuki. Anaposema hakumbuki anaangalia kalenda.

Futi nayo hajairudisha. Mama anatumia ile nyingine. Juzi nilimwomba Babu aliyonayo, nikamwambia tuna mradi wa Hisabati shuleni. Babu aliishika vizuri zaidi, akavaa miwani, akaniangalia kutoka utosini mpaka kisiginoni.

"Ya kumpimia nani?"